Dawa ya Nini

Duka langu la dawa liko Nakuru, nyuma ya Soko la Wakulima,
upana wake ni mikono yangu miwili nikiinyoosha.
Mtu akiinama dirishani aseme, "Daktari, nipe dawa,"
sina budi kumwuliza: ya nini?
Maana lugha yetu haikuhangaika kutenga makabati.
Dawa ya kikohozi. Dawa ya meno. Dawa ya viatu.
Dawa ya mtoto humponya mtoto;
dawa ya panya, panya anajua.

Herufi mbili tu, *ya*,
na ndani yake kitanda na kaburi.

Mama alichuma pareto kwenye mteremko wa Turi, karibu na Molo,
kikapu kiunoni, ukungu hadi saa nne,
maua meupe yenye jicho la manjano, mapole kama ya harusini.
Nani angedhani?
Tuliyaanika juu ya magunia, na inzi aliyethubutu kutua
alizunguka chali mara tatu kama mlevi, akatulia.
Kuku walipita hapo hapo wakidonoadonoa, wakaenda zao.
"Hii ina adabu," Mama alisema, "inajua wa kumuua."
Lakini vidole vyake vilichubuka kila msimu,
akavipaka samli, akavificha chini ya leso.
Sumu hiyo huogopa jua: ukiiacha nje sana huisha nguvu.
Malipo nayo yalituogopa sisi.
Mwaka mmoja yalikuja baada ya miezi kumi na minne,
nami nilikuwa nimekaa nyumbani muhula mzima
nikihesabu maua badala ya aljebra.
Hatimaye ikanisomesha, ile sumu. Nasema bila aibu:
kila cheti changu kilinunuliwa kwa vifo vya mbu
wa nchi nisizozijua.

Jumanne moja ya mvua, simu ya Tapkigen, jirani wa Turi:
Kibor kaumwa na kifutu,
alikuwa amelala kati ya mistari ya pareto,
mnene, mvivu, rangi ya majani makavu.
Mguu umejaa hadi gotini, ngozi inang'aa kama bilingani.
Wamemfunga kamba. Legezeni kamba, nikasema.
Wameweka jiwe jeusi. Jiwe liacheni,
ila msimchanje, msimtembeze, mleteni.
Nikaanza kupiga simu. Hospitali ya kwanza, hawana.
Ya pili, chupa moja, imepita muda wake.
Ya tatu, mwanamke mwenye sauti ya usingizi:
"Tunazo nne. Dawa ya nyoka, si ndiyo?"

Ndiyo. Ya nyoka.
Hapo *ya* ikanigeukia tena:
si ya kumponya nyoka, wala si ya kumuua.
Imetoka kwake. Walimkamua meno juu ya glasi,
wakampa farasi kidogo, baadaye kidogo zaidi,
farasi akajifunza, damu yake ikajifunza,
na somo hilo likatiwa chupani
hadi kwenye mshipa wa mvulana wa darasa la nne
asiyewahi kumwona farasi.

Kibor yuko hai. Kidole gumba cha mguu hakipo;
anavua kiatu kwa kila mgeni, bila kuombwa.
Tapkigen bado analipia zile chupa.

Mama siku hizi ana presha.
Kila mwezi nampelekea vidonge mwenyewe.
Sijamwambia kuwa ukoo wa kidonge hicho
unarudi hadi kwa nyoka mmoja wa Brazili
ambaye huangusha mawindo kwa kuwashusha damu.
Mama humchukia nyoka hata kwenye picha.
Akiniuliza, "Hii nayo ni dawa ya nini?"
nasema, "Ya presha, Mama. Meza."
Anameza kwa chai, anakunja uso,
anasema ina uchungu fulani, kama ua la pareto
alilolitafuna siku moja, akiwa msichana,
ili ajue tu.